Kitanda cha tano kwa sita kimegeuka sita kwa sita, harusi Jumamosi. Huyu mteja nimfanyeje?

Randa ya Keko (Jumatano, saa 4 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Mimi seremala, karakana yangu iko Keko, Dar. Nina jambo linaninyima usingizi na nimeona nilimwage hapa, maana mafundi humu ni wengi na wateja pia mpo.

Wiki tatu zilizopita alikuja bwana mmoja na mchumba wake. Wanataka kitanda cha mninga tano kwa sita, na vidroo viwili vya pembeni. Wakanionyesha picha kwenye simu, tukakaa, tukapatana 1,150,000. Kianzio wakanipa 600,000. Mzigo ufike kwao Ijumaa, harusi Jumamosi.

Leo saa 12 jioni nimefunga kazi, nanawa mikono, simu inaita. "Fundi, kuna kitu kidogo tu." Nyie mafundi mnaijua hiyo sentensi. Kitu kidogo chenyewe ni kwamba mjomba wake amewanunulia zawadi ya godoro, na godoro ni sita kwa sita. Kwa hiyo "ongeza tu futi moja hapo kwa upana". Halafu wakati anakata simu akakumbuka la pili: bibi harusi anataka rangi nzito kama kahawa, si ile ya mninga wenyewe tuliyokubaliana.

Nikamwambia nitampigia asubuhi. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Sasa niko hapa naangalia mbao zilizokwisha kukatwa. Nikikataa, ni mteja aliyeletwa na jirani yangu. Nikikubali kwa bei ileile, kazi yote nimeifanyia sadaka. Nikimtajia hela, atasema fundi kaona harusi kaanza tamaa. Ushauri tafadhali.

Mpita Njia

Mpelekee tano kwa sita, futi moja iliyobaki mfungie kwenye gazeti ataunganisha mwenyewe.

Patasi Butu

Mkuu pole, sote tumepita huko. Mimi nakushauri usiguse kitu mpaka hela iingie. Na umtoze yote: mbao ulizokata, mbao mpya, usiku utakaokesha, na usumbufu. Mteja asipolipia kubadilisha mawazo, keshokutwa anakwambia kitanda kiwe duara.

Mzee Msasa

Kijana, kabla ya hela tuongee mbao kwanza. Watu humu wanakimbilia bei na hata hawajui kazi imefika wapi. Nijibu haya:

Kichwa cha kitanda umeshakigundisha au bado kimeshikizwa tu? Upande wa miguuni je? Mbavu, zile mbao ndefu za ubavuni, umekata urefu gani? Chaga za kubebea godoro umeshazipiga? Vanishi umeanza?

Randa ya Keko

Shikamoo mzee. Kichwa bado hakijagundishwa, nimekiunganisha kikavu leo mchana nione kama kinakaa. Kina paneli 5 zilizosimama, zimebanwa na mbao ya juu na ya chini. Miguuni nimegundisha jana, kimekauka. Mbavu ni futi 6 na ulimi wake wa kuingia kwenye tundu. Chaga nimekata za paini, sijazipiga. Vanishi bado kabisa, niko kwenye msasa.

Mzee Msasa

Marahaba. Basi hali si mbaya kama unavyodhani, na hapo ndipo ninapotaka wenzako wasome.

Tano kwa sita na sita kwa sita urefu wake ni mmoja, futi sita. Kinachobadilika ni upana tu. Kwa hiyo mbavu zako mbili, ambazo ndizo mbao ndefu na za gharama, hazijaguswa. Zitumie kama zilivyo. Matendegu mawili ya kichwani, yaani miguu ya kitanda upande huo, nayo ni yaleyale.

Kichwa hakijagundishwa, shukuru Mungu. Toa mbao ya juu na ya chini, kata mpya mbili zenye futi moja zaidi, chonga matundu na ndimi upya, halafu ongeza paneli ya sita. Paneli 5 kwenye futi 5 ni karibu futi kwa futi, kwa hiyo sita itaingia bila kuharibu mpangilio wa macho. Usije ukashawishika kuunga kipande cha futi moja kwenye mbao uliyonayo. Kiungo cha katikati ya mbao ya kichwa, watu wakiegemea kila siku, kitasema tu. Kisiposema mwaka huu kitasema mwakani, na atakayeitwa ni wewe.

Miguuni ndiyo hasara yako, hiyo fanya mpya. Chaga zote mpya, maana zinalala kwa upana. Na kuna kitu mafundi wengi wanakisahau wakihama kutoka tano kwenda sita: chaga ya paini ya futi 6 inapinda. Lazima uweke boriti ya kati inayotoka kichwani hadi miguuni, na mguu wake mmoja au miwili chini. Usipoiweka, godoro litafanya shimo ndani ya miezi sita.

Sasa bei. Patasi hapo juu anasema umtoze na mbao ulizokata. Mimi sikubaliani naye. Ile miguuni ya futi 5 uliyogundisha, Keko hapo hapo utaiuza? Kila wiki kuna mtu anataka tano kwa sita. Chaga za futi 5 nazo zina kazi. Mbao utakayoiuza kesho usimtoze mteja leo. Mtoze mbao mpya, chaga mpya, boriti, na siku zako. Ukifanya hivyo utaweza kumwangalia usoni ukimpigia hesabu.

Patasi Butu

Mzee nakuheshimu, ila hiyo miguuni inaweza kukaa miezi mitatu inakula vumbi huku hela yangu imelala pale. Mtaji wa fundi ni mdogo.

Mzee Msasa

Ni kweli inaweza kulala. Basi mtoze nusu na umwambie kwa nini. Ila usimtoze yote halafu ukaiuza, kwa sababu Dar ni ndogo.

Mama Wawili

Naomba na mimi mteja niseme, maana naona mafundi mmekaa kikao cha upande mmoja.

Kaka fundi, hebu jiulize: ulimchorea? Ulimwandikia? Mimi mwaka juzi nilipeleka picha ya kabati la vyombo kwa fundi. Nikamwonyesha, akasema "hiyo rahisi dada". Wiki mbili baadaye nakwenda, kabati lina milango mitatu, picha ina minne. Nilipouliza akaniambia nimebadilisha mawazo. Mimi nimebadilisha nini? Yeye aliona picha sekunde tano akarudisha simu. Tukagombana mpaka mwenyekiti wa mtaa akaitwa, na mwenyekiti naye akauliza swali moja tu: karatasi iko wapi? Hakuna aliyekuwa nayo.

Na mkisema wateja tunabadilisha dakika ya mwisho, mkumbuke na "njoo kesho" zenu. Kama kitanda kingekuwa tayari wiki iliyopita, hilo godoro la mjomba lingemkuta kimeshaingia chumbani na asingekupigia.

Lakini kwa kesi yako nakuunga mkono ulipwe. Godoro la zawadi si kosa lako.

Randa ya Keko

Dada umenipiga ngumi ya haki. Nina daftari nimeandika "5x6, mninga, droo 2, 1,150,000, kianzio 600,000". Yeye hana nakala na hajasaini. Rangi sikuandika kabisa.

Mchonga Nakshi

Asalaam aleikum. Niko Unguja, kazi yangu milango ya kuchonga. Nawapa yangu kidogo, kwa sababu sisi huku mabadiliko yakija hatuna hata hiyo bahati ya kuongeza paneli. Ubao ukishapigwa patasi haurudi.

Nilikuwa na mteja anaishi Maskati, anajenga nyumba ya wazee wake huku. Mlango wa mbao mbili, fremu yenye nakshi ya maua na mnyororo ukingoni, na mfaa wake katikati, ule mwimo unaofunika pengo la mbao mbili. Mbao ya juu ya fremu tulikubaliana maua tupu. Nimeichonga siku tisa. Usiku wa siku ya tisa nampelekea picha, ananijibu kwa sauti: mashallah, mzuri, ila ndugu yangu naomba pale juu utie jina la marehemu baba na mwaka wa nyumba.

Sasa hapo pana nini? Ukichonga nakshi unaondoa mbao ya chini ili ua lisimame juu. Ile sehemu ambayo jina lingekaa, mbao yake imeshakuwa chembechembe sakafuni. Huwezi kuandika juu ya kitu ambacho hakipo. Njia ni mbili: ukate mbao mpya uanze tena siku ya kwanza, au uchonge kibao kidogo peke yake ukipachike, na kila mwenye jicho atakijua ni kiraka.

Nikamweleza hivyo hivyo, nikampa bei ya mbao mpya na siku tisa. Akanyamaza siku mbili, kisha akalipa. Ile mbao ya maua ninayo hadi leo, nimeifanya rafu ya vitabu.

Tangu hapo kwangu mambo yako hivi, na mteja namsomea kabla hajatoa senti: kabla ya penseli, badilisha utakavyo, bure. Baada ya penseli, unanilipa siku zangu. Baada ya patasi, unanilipa siku na mbao. Na mchoro nachora kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, naubandika kwenye ubao, napiga picha, namtumia, nasubiri aandike "sawa". Asipoandika patasi haitoki kwenye kitambaa. Mara moja nimesubiri siku kumi na moja.

Randa ya Keko

Hiyo ya penseli na patasi nimeiandika ukutani karakana sasa hivi, kwa chaki. Kweli.

Fundi wa Ngong Road

Wakubwa, salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu ugonjwa ni uleule, ila mimi unanipata kwenye kabati za jikoni. Mwenye nyumba anakuambia jiko lake ni la kujengea, anakupa vipimo vya shimo, milimita 560 kwa 490. Unamwambia mtu wa graniti akate. Siku ya kufunga, jiko linafika ni lile la vichomeo vitano, pana zaidi, kwa sababu alipata ofa. Graniti haiongezewi, na kabati la chini yake nalo limepimwa kwa lile la kwanza.

Siku hizi sikati shimo la jiko wala la sinki mpaka kifaa chenyewe kiwe karakana. Si picha, si namba ya modeli, kifaa. Kwa kitanda fanya vivyo hivyo: omba godoro, au angalau nenda ukalipime kwa tepu. Umesikia "sita kwa sita" kwa mdomo wa mtu ambaye wiki tatu zilizopita alisema "tano kwa sita". Una uhakika gani?

Pia mimi nachukua asilimia 70 mwanzo. Kianzio cha 600,000 kwa kazi ya 1,150,000 ya mninga kinamaliza mbao tu, mkono wako wote uko juu ya salio.

Wakili wa Kijiweni

Kidogo tu upande wa sheria ya Tanzania, sitarefusha. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, alimradi pande zote zimeridhia kwa hiari na kuna malipo halali. Kwa hiyo usidhani kwa kuwa hamkusaini hamna mkataba. Mnao, wa tano kwa sita. Yeye hawezi kuugeuza peke yake kwa simu, na wewe huwezi kupandisha bei peke yako. Mabadiliko ni makubaliano mapya na yanataka ridhaa ya wote wawili.

Shida ni ushahidi, kama mwenyekiti wa Mama Wawili alivyouliza. Lakini meseji na WhatsApp zinapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu. Kwa hiyo baada ya kuongea naye kwa simu, muandikie muhtasari: kipimo kipya, rangi, bei mpya, tarehe. Akijibu "sawa fundi" umemaliza.

Mzee Msasa

Naongeza mawili kabla sijalala. La kwanza, mninga. Mbao mpya utakayonunua kesho haitakuwa ya gogo lile la kwanza. Mninga mmoja ni wa dhahabu, mwingine mwekundu uliokolea. Chukua kipande chako uende nacho stoo, linganisha juani, si ndani ya banda. Na usikubali mbao yenye weupe wa pembeni kwa sababu una haraka. Weupe ule bungua, wadudu wa kula mbao, wanaupenda. Gusa, nusa, pima uzito. Haraka ya harusi ndiyo inayowauzia watu mbao mbichi.

La pili, rangi nzito aliyoomba dada itakusaidia. Tofauti ya mbao itafichika. Kwa hiyo hiyo usimtoze zaidi ya bei ya rangi, hujapiga vanishi bado. Ila mvua hizi! Ukipulizia vanishi hewa ikiwa na unyevu, inakaa na ukungu mweupe. Usimwahidi Ijumaa.

Kitasa

Chumba umekiona? Nauliza tu. Dada yangu alinunuliwa sita kwa sita, ikabidi kabati la nguo lihamie sebuleni.

Randa ya Keko (Alhamisi, saa 7 mchana)

Wadau, mrejesho wa kwanza.

Saa 1 asubuhi nimempigia. Nikamwambia, kaka, inawezekana, ila naomba kwanza nije na tepu nipime godoro na chumba, halafu nikupe hesabu. Akashangaa kidogo, akasema njoo.

Godoro kweli ni inchi 72 kwa 72. Shukrani Ngong Road, nimelipima mwenyewe. Swali la Kitasa ndilo lililoniokoa. Ukuta wa kichwani ni futi 10, inchi 120. Kitanda cha sita kwa sita pamoja na matendegu yangu ni inchi 78. Vidroo viwili vya inchi 18 ni 36. Jumla 114, zinabaki inchi 6. Na upande wa kulia kuna kabati la nguo la kujengwa ukutani, milango yake ina inchi 20. Nikachora sakafuni kwa chaki, kitanda hapa, droo hapa, droo hapa, halafu nikamwambia fungua kabati. Mlango ukagonga alama ya chaki ya droo ukiwa haujafika hata nusu. Tukaangaliana. Mama yake alikuwa mlangoni akacheka mpaka akashika fremu.

Tukaondoa kidroo kimoja. Zinabaki inchi 24, mlango unafunguka.

Hesabu nikaifanya mbele yake, kwenye daftari:

Mninga mpya kwa kichwa na miguuni, 140,000. Chaga na boriti ya kati, 45,000. Siku mbili za kazi na kijana wangu, 80,000. Jumla 265,000. Kidroo kilichotoka nikampunguzia 90,000. Miguuni ya zamani nimebaki nayo mimi, sikumtoza. Rangi nikamwambia ni yangu, sikutozi. Bei mpya 1,325,000.

Akasema "mh, fundi." Nikanyamaza. Hilo nimejifunza zamani, ukishataja bei ukiendelea kuongea unajipunguzia mwenyewe. Akauliza boriti ya kati ni ya nini, nikamweleza habari ya shimo la godoro. Akatuma 150,000 palepale. Nikamuandikia WhatsApp kama wakili alivyosema, akajibu "sawa fundi, ila Ijumaa ifike".

Hapo kwenye Ijumaa nikamwambia ukweli: kitanda kitafika na kitalalika, rangi na mkono mmoja wa vanishi ya brashi. Mikono ya mwisho nitarudi kupiga wiki ijayo, na 200,000 za salio abaki nazo mpaka nimalize. Naona hiyo 200,000 ndiyo iliyomlainisha kuliko maneno yote.

Patasi Butu

Umemwachia 200,000? Mkuu utazitafuta kwa tochi.

Mama Wawili

Fundi amefanya vizuri, mimi ningelala usingizi.

Randa ya Keko (Jumamosi, saa 3 usiku)

Mrejesho wa pili, nimechoka kama punda wa Kariakoo.

Kazi ilikesha Alhamisi yote. Paneli ya sita ilikaa, mzee, ila nilikosea mara moja: nilichonga tundu moja kwa alama ya zamani, nikajikuta nimetoboa mahali ambapo paneli haipo. Nimeziba kwa kipande cha mninga uleule, nyuzi zikielekea upande mmoja, na rangi ya kahawa imefunika. Mteja nimemwonyesha. Akasema hajaona hata baada ya kuonyeshwa.

Ijumaa mvua ikapiga kuanzia saa 8. Tumepakia kitanda saa 12 jioni kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na turubai mbili. Vanishi ya brashi imekaa vizuri, haina ukungu. Salio wamelipa 375,000, zimebaki zile 200,000. Wameenda Tanga, wanarudi baada ya siku tano, nitaenda kumalizia.

Mzee Msasa

Boriti ya kati umeweka miguu mingapi?

Randa ya Keko

Miwili mzee.

Fundi wa Keko Mbili

Samahani kwa kuingilia uzi, hiyo miguuni ya tano bado ipo? Nina mteja wa tano kwa sita, mninga, anataka Alhamisi.

Randa ya Keko

Ipo, na chaga zake. Na kidroo kimoja kimesimama peke yake. Njoo kesho asubuhi na tepu, na mteja wako mwambie akapime godoro kwanza.